Mrija wa Diwani

Nchwaa, halafu "aah" ndefu ya kutoka kifuani, kama ya mtu aliyelima tangu alfajiri na sasa ndiyo anapata cha kwanza cha kulainisha koo. Hiyo ndiyo sauti ya Diwani wetu iliyobaki masikioni mwangu. Aliitoa kila alipoinua mdomo kwenye mrija, na wazee waliouzunguka mtungi walicheka wakasema huyu mtu pombe ya ndizi anaijua. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yao na kibuyu cha kuongezea, nacheka pia. Lakini nilijua kwamba mrija wake haupitishi kitu. Nilikuwa nimeuziba mwenyewe kwa nta.

Nitafika huko. Kwanza nimzungumzie yeye, kwa sababu siku hizi kijijini kwetu akitajwa anatajwa kwa jambo moja tu, na yeye alikuwa na mambo mengi.

Kwetu ni kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, ukishaiacha Makere nyuma. Mama yangu anatengeneza pombe ya ndizi, na watu wakiwa na shauri lao huja kulimalizia uwanjani kwetu. Mimi niliishia kidato cha pili. Si kwamba nilikuwa mjinga sana, hesabu tu zilinikataa. Tangu hapo namsaidia Mama huku naota mambo yangu. Nimewahi kuota kuwa mtangazaji wa redio, nimewahi kuota saluni yenye kioo cha kutoka sakafuni mpaka juu, na mwaka mmoja niliota kuwa diwani. Hiyo ya mwisho nilimwambia mwenyewe. Hakucheka. Aliniuliza kama naweza kusalimia watu wa mlima mzima bila kuchoka.

Maana yeye kazi yake kubwa ilikuwa hiyo. Waha ni watu wa salamu, hilo halina ubishi. Mtu anaweza kuanza kukujulia hali wewe ukiwa bondeni, mkamaliza umeshafika kileleni. Lakini Diwani alizidi. Alisimamisha pikipiki, akazima injini kabisa, akavua helmeti, akapiga makofi mawili mepesi, "Mwakeye," kisha akaanza: watoto, mbuzi, shangazi yule aliyevunjika mkono, mihogo imekauka? Safari ya nusu saa kwake ilikula asubuhi nzima. Mkewe alipokuwa hai alisema mume wake akitumwa chumvi, inakuja kukuta mboga ya kesho. Na ajabu yake, kwenye baraza la madiwani kule Kasulu nasikia alikuwa hasemi zaidi ya dakika mbili. Maneno yote alishayamaliza njiani.

Hakuchagua wa kumsalimia. Siku moja nilikuwa naye kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mama alikuwa amenituma vibuyu. Kuna mama mmoja Mkongomani anauza maandazi pale, wao wanayaita mikate, na alikuwa akimwita Diwani "Honorable". Diwani alisimama kwake akamuuliza habari za mjukuu, za goti, za dada aliyebaki Kongo. Yule mama akaweka mikono kiunoni.

"Honorable, batu bote wanapita mbio. Weye tu unasimama. Unatafuta nini kwetu, na hatuna vote?"

"Salamu haipigiwi kura, mama."

Yule mama alicheka akamfungia maandazi mawili. Diwani aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na tulipofika mbele akanipa mimi yote. Nilidhani ni upole tu. Wakati huo nilikuwa bado sijajua.

Basi nisije nikamfanya malaika. Alipenda kuitwa Mheshimiwa kuliko nilivyoona mtu mwingine akipenda kitu. Ukimwita "mzee" tu alikuitikia, ila taratibu, kama redio inayotafuta stesheni. Nywele alizipaka rangi nyeusi, na mvua za vuli zilimsaliti kwenye kola. Koti la suti halikumtoka hata kwenye matope. Chini yake alivaa mabuti ya mpira. Miwani ya kusomea alikuwa nayo, lakini aliivaa akiwa peke yake, na nadhani mara nyingi aliunga mkono mambo barazani bila kuyasoma vizuri, akaamini alivyoambiwa na jirani wa kiti.

Na hakuwa na neno "hapana". Ukimwomba darasa, anakwambia nitaliangalia. Ukimwomba daraja, nitaliangalia. Ukimwomba akusaidie mumeo arudi kutoka kwa mke wa pili, hilo nalo nitaliangalia. Lilikuwa limegeuka msemo wetu. Rafiki yangu mmoja alichumbiwa na kijana wa Muyama asiyemtaka, akajibu mbele ya wazee, "Nitaliangalia," na nyumba nzima ikajua ameshakataa. Diwani aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini daraja tulipata, tusimnyime haki yake, na madarasa mawili.

Safari yake ya siasa hakuijenga kwa shule. Ujanani alikuwa utingo wa malori, anapakia maharage, na kambi ya Warundi ya Mtabila ilipokuwa bado ipo alikuwa anaingia humo na mizigo wiki kwa wiki. Ndiyo maana kila uchaguzi hawakukosa watu wa kunong'ona kwamba yule ni Mrundi. Yeye hakubishana nao. Aliwatembelea nyumbani akawaulizia babu zao kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wao ndio wakaanza kuona aibu. Akawa mwenyekiti wa kitongoji, akawa wa kijiji, halafu akapewa kata, akapewa tena, akapewa tena.

Mara moja alitaka kupanda juu, awe mwenyekiti wa halmashauri. Alishindwa kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Wiki chache kabla alikuwa ameketi na mpinzani wake kwenye mtungi mmoja, na yule bwana kwa utani akamwambia, "Mwenzangu, kura yako nipe mimi." Diwani akasema haya. Siku ya siku akampa. Watu walipomuuliza kama ana akili timamu, alisema alikuwa ameshakunywa naye.

Hapo ndipo ilipo siri yake yote. Kwetu watu wakigombana, wakapatana, mapatano yanafungwa kwenye mtungi. Mnakaa, kila mmoja na mrija wake, mnanyonya chombo kimoja, na aliyenyonya hawezi tena kugeuka. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini wengi walikuwa wanaiacha, wanakimbilia mahakama ya mwanzo. Diwani aliirudisha akaifanya ndiyo ofisi yake. Mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula maharage ya watu, ndugu wasiosemezana tangu msiba wa baba yao, wote aliwaleta uwanjani kwetu. Yeye alikuwa wa kwanza kuinamia mtungi na wa mwisho kuondoka. Sikuwahi kumwona akiandika.

Siku niliyoijua siri yake ya pili Mama hakuwepo. Diwani aliingia uwanjani saa nane mchana, jasho linamtiririka, midomo inacheza, akaketi chini kwenye maganda ya ndizi na koti lake zuri. Nilidhani amekunywa kwa wengine. Aliomba maji, akanywa, akaomba mengine. Nilipotaka kukimbia kuita watu alinishika kanga.

"Kaa hapa, mwanangu. Ni kisukari. Naenda kliniki kule Kibondo, kwa binti yangu, ili huku wasijue. Mgonjwa hapewi kata."

Daktari alikuwa amemkataza pombe kabisa. Na yeye kazi yake ilikuwa mtungi.

Wazo la nta lilikuwa langu. Niliona ni akili kubwa sana, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Jirani yetu ni fundi mizinga, nta kwake haikosi. Nikaomba kipande, nikasema nataka kuzibia ndoo. Nikauziba mrija mmoja kwa ndani, kidogo tu, ili hata akivuta kwa kujisahau kisipite kitu. Nikauchomeka peke yake chini ya paa. Diwani akija, namchomolea. Yeye akaongeza ile nchwaa na ile aah. Tulikuwa kama watoto wawili wenye mchezo wao. Sikuona ubaya, kwa sababu wenzake walikuwa wanapatana kweli.

Halafu likaja suala la bonde.

Bonde letu ndilo linalotulisha kiangazi. Mlimani kukikauka, kule chini unapata maharage na mboga, na migomba inasimama mwaka mzima. Mwaka huo akaja bwana misitu mmoja, mgeni, na kile kidude chake cha kusoma satelaiti, akasema sehemu ya bonde imo ndani ya msitu wa hifadhi. Watu walitaka kumfukuza na mapanga. Diwani akawatuliza wote, akamleta bwana misitu na msaidizi wake uwanjani kwetu, akawakalisha na wazee. Walizungumza tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama. Wakakubaliana mpaka ni kijito: ng'ambo ni msitu, huku ni mashamba yetu. Mama akatoa mtungi mkubwa.

Kabla hawajainama, Mama akauliza kama hakuna karatasi ya kuandika hayo yaliyosemwa. Diwani akamgeukia, kwa upole kabisa.

"Mama, mtu ukishanywa naye mtungi mmoja, karatasi unamwomba ya nini?"

Wazee wakamcheka Mama. Fundi mizinga akamtania kwamba siku hizi amekuwa hakimu. Hata mimi nilitabasamu. Bwana misitu alinyonya vizuri, tena kwa raha, akasifu pombe. Diwani akafanya nchwaa, akafanya aah. Siku zote nikizikusanya, hiyo ndiyo ambayo ningeomba irudishwe.

Hazikupita mvua mbili. Vigingi vya mpaka vikaja na gari, vikachimbiwa si kwenye kijito bali huku juu, karibu na njia. Migomba ikafyekwa. Ya fundi mizinga ilikuwa ya baba yake na ya babu yake. Alikaa kwenye tuta akawatazama wanavyofyeka, mikono mapajani. Mama yangu alipoteza matuta yote. Alipofika nyumbani aliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Bwana misitu alikuwa amehamishwa, na aliyemfuata aliuliza kitu kimoja tu: muhtasari wa kikao uko wapi? Diwani akaenda Kasulu, akaenda tena, akaenda mpaka Kigoma mjini. Kila meza ilimuuliza hilohilo. Yeye akawaambia tulikunywa. Nasikia kijana mmoja wa ofisini alimuuliza, "Mheshimiwa, mlikunywa nini?" wakacheka ofisi nzima. Aliporudi hakuzima pikipiki njiani. Ilikuwa mara ya kwanza apite bila kutusalimia.

Pamoja na hayo, watu walikuwa bado wanamhurumia. Walisema ametapeliwa kama sisi. Mpaka fundi mizinga alipokuja kunywa siku moja, akakosa mrija, akanyoosha mkono chini ya paa akachomoa ule. Akavuta, akavuta tena. Akauangalia ndani. Nta ya kwake anaijua kama mtu anavyomjua mtoto wake.

"Huu mrija wa nani?"

Mama hakujua lolote. Akajibu kwa moyo mweupe kwamba ni wa Diwani, huwa hawekewi mwingine. Mimi nilikuwa namimina. Nikaendelea kumimina mpaka ikafurika chini.

Kwenye mkutano wa kijiji fundi mizinga alisimama na ule mrija akauinua. Akasema huyu bwana hakunywa. Wote tulikunywa, mgeni alikunywa, yeye hakunywa, kwa sababu alijua tangu mwanzo kitakachokuja, akaogopa kujifunga. Akasema bonde liliuzwa na mtu aliyekaa mbele yetu analamba midomo. Wakamtaka Diwani ajibu.

"Ni kweli. Sikunywa."

"Kwa nini?"

"Sikunywa tu."

Nilikuwa nimekaa na wanawake, safu ya tatu. Mdomo nikaufungua. Yeye akanitazama mara moja, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Nikaufunga.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kutunza ahadi tu. Si hivyo tu. Nilimfikiria Mama. Nani angekuja tena kunywa kwenye nyumba ambayo binti anaziba mirija ya watu? Nilifikiria na fundi mizinga alivyonipa ile nta bure, akanitania habari ya ndoo. Nilikuwa na sababu mbili, moja nzuri na moja ya woga, na ile nzuri ilikuwa inatangulia mbele kila nilipojiuliza.

Ikafika kura za maoni za chama. Alichukua fomu, watu walishangaa. Alizunguka milima yote kusalimia kama zamani, anazima injini, anavua helmeti. Watu walimwitikia, hilo kwetu halinyimwi mtu. Wakamwitikia vizuri kabisa, halafu wakamnyima. Alipata kura chache mpaka msimamizi alizisoma kwa sauti ya chini. Diwani alimpa mkono aliyeshinda, kijana wa duka la pembejeo, akamuulizia baba yake. Mwezi haukuisha akahamia Kibondo kwa binti yake.

Nilimfuata huko wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Nyumbani nilisema nakwenda kuulizia mafunzo ya saluni, na kweli niliyaulizia, mwanya wa ndoto siuachi. Binti yake anakaa nyuma ya maduka ya Waislamu wa mjini. Nilimkuta Diwani barazani, mguu wa kushoto umefungwa bandeji juu ya kigoda; vidole viwili vilikuwa vimeshakatwa. Nywele zote nyeupe. Sikumtambua kwa sekunde moja, na yeye aliiona ile sekunde.

Watu walikuwa wanapita. Yeye anawasalimia wote, anauliza watoto, anauliza biashara. Wanajibu "salama, mzee," wanapita zao. Hakuna aliyesimama. Mjini watu wana haraka, na hapo hakuwa Mheshimiwa wa mtu yeyote.

Aliniuliza habari kwa mpangilio wake wa kawaida, ila ya bonde aliiweka mwisho.

"Mama analima wapi siku hizi?"

Nikamwambia amekodi kipande mlimani, penye mawe.

Akausogeza mguu juu ya kigoda. Nikapata nguvu, nikamwambia kwamba nataka kusema. Nikirudi, kwenye mkutano wowote ule, nitasimama nieleze kisukari, nieleze nta, niseme ni mimi.

"Hapana," akasema.

Nilikuwa simjui na neno hilo. Lilimtoka gumu, kama kiatu kipya.

"Ukisema sasa watadhani nimekutuma utafute huruma. Kura za maoni zishapigwa, kijana wa watu anajiandaa. Uchaguzi ukipita useme utakavyo. Lakini ukisema, usinisafishe sana. Mrija haukukosea kitu, mwanangu. Mama yako aliomba karatasi, na mimi nikamcheka."

"Hukumcheka, Baba. Waliocheka ni wazee. Na mimi."

"Niliwafungulia mlango wa kucheka."

Nilitaka kumwambia lile linaloniumiza, kwamba aliyekunywa ndiye aliyegeuka, na ambaye hakunywa ndiye aliyezunguka maofisini na mguu unaooza mpaka wakamcheka. Badala yake nilimmenyea chungwa, nikakumbuka sukari, nikalila mwenyewe huku yeye ananitazama na kutabasamu. Nilipoaga alinitaka nimsalimie fundi mizinga. Nikasema nitamsalimia. Akasema, "Kwa jina, si kwa ujumla."

Salamu nilizifikisha. Fundi mizinga aliendelea kuchonga, akauliza tu kama mzee anakula vizuri.

Siku ya uchaguzi nilipanga foleni shuleni na Mama. Wino ukawekwa kidoleni, nikapewa karatasi zangu, nikaingia kwenye kituturi cha kupigia kura. Ya rais nikaiwekea alama yake, ya mbunge nikaiwekea. Ya diwani nikaitandaza nikaitazama. Picha ya kijana wa duka la pembejeo ilikuwa inatabasamu, na yeye hana kosa lolote kwangu. Nje msimamizi alikuwa anamwelekeza bibi mmoja njia ya kutokea. Nikashika kalamu, na chini ya majina yote, mahali pasipo na kisanduku, nikaandika jina la Diwani, hili ambalo humu sijalitaja, la ubatizo kwanza, halafu lile la Kiha alilopewa na mama yake, herufi kubwa, taratibu, bila kukosea. Nilijua kura hiyo imeharibika. Nikaikunja mara mbili, nikatoka, nikaitumbukiza.